Siku tano, barabara moja: likizo ya utamaduni kutoka Dodoma hadi Eyasi

Kila inapokaribia Juni, wananchi wanaopiga simu kwenye dawati letu la elimu ya malikale huwa wengi kuliko miezi mingine. Swali lao ni lilelile. Mtu ana siku tano za likizo, anataka aanzie magofu ya Kilwa Kisiwani, apite Bagamoyo, avuke Unguja kuona Mji Mkongwe, kisha amalizie Ujiji pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Namwelewa. Amefanya kazi mwaka mzima, na nchi ni yake. Lakini kwa reli ya zamani, Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na Kilwa iko upande mwingine kabisa. Safari ya namna hiyo itamalizikia kwenye stendi na mizani, na wenyeji atawaona kupitia dirisha la basi.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120 na eneo linalozidi kilomita za mraba 940,000. Hakuna likizo fupi itakayoimaliza. Ushauri ninaoutoa sasa, baada ya miaka mingi ya kuongoza makundi, ni kuchagua barabara moja tu. Na kabla ya barabara, chagua swali. Anayetaka kujua Waswahili walivyofanya biashara na Bara Hindi na Arabuni aende Kilwa akae huko siku tatu, asiguse kwingine. Anayetaka kujua habari za misafara ya pembe na watumwa aanzie Bagamoyo, na safari ijayo aende Tabora. Ukishapata swali, ramani inapungua yenyewe.

Swali ninalolipenda mimi kuliko yote linahusu lugha. Kwa mgawanyo uliozoeleka wa lugha za Afrika katika jamii nne kubwa, Tanzania hutajwa kuwa ndiyo nchi ambayo zote nne zina wenyeji wake: Wabantu, Wakushi, Waniloti, na wale wenye lugha za vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Zote nne unaweza kuzikuta kwenye mkanda mmoja wa barabara, kutoka Dodoma kupitia Kondoa na Babati hadi bonde la Ziwa Eyasi. Ni siku tano, na ya sita ya kurudi nyumbani.

Zamani nisingethubutu kumpendekezea mtu mwenye watoto njia hii. Kondoa ilikuwa vumbi na makorongo, na mvua ikinyesha gari lilikuwa linalala njiani. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, kilomita takriban 250, mambo yamebadilika. Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, nayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam asubuhi anakula chakula cha mchana Dodoma na jioni anaweza kulala Kondoa.

Usiipite Dodoma bila kusalimia, lakini. Huku ni Ugogo, na salamu ni "mbukwa" kwa mtu mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi. Ukiitoa kwa heshima utaona nyuso zinavyofunguka, hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Tafuta mahali panapopikwa ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, ule kwa mkono. Uliza pia kama kuna ngoma mwisho wa juma katika vijiji vya Chamwino. Ndiko alikotoka marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyepeleka zeze na ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia. Ukibahatika kuwakuta akina mama wakipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa kati ya magoti, kaa mpaka wamalize.

Kituo cha pili ndicho cha kukipa muda mrefu. Kilomita zisizozidi 30 kaskazini ya mji wa Kondoa kuna kijiji cha Kolo, na hapo kando ya barabara kuna ofisi ya mambo ya kale. Lazima uanzie hapo. Unajiandikisha, unalipa ada ya serikali kwa namba ya malipo, unapewa mwongozaji, ndipo mnaelekea kwenye michoro. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake lina kilomita za mraba 2,336 na mapango na majabali yaliyochorwa zaidi ya 150, yakiwa yametawanyika kwenye mteremko unaotazama nyika ya Wamaasai. Hutaona hata sehemu ya kumi. Ona matatu, uyaone vizuri.

Michoro mingi ni ya rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye madini ya chuma. Kuna twiga, tembo, swala wakubwa, na watu warefu wembamba mno, wengine wakiwa na vichwa vikubwa vya mviringo ambavyo wataalamu bado wanavijadili kama ni nywele, vinyago au vilemba. Juu ya hiyo nyekundu, mahali pengine, utaona alama nyeupe nene zilizochorwa kwa kidole. Hizi ni za baadaye, na huhusishwa na wakulima waliofika nyuma ya wawindaji. Ukuta mmoja una watu wa zama mbili waliochora palepale bila kukutana. Mary Leakey, mtafiti maarufu wa mambo ya kale, alifanya kazi hapa mwaka 1951 akinakili michoro hii kwa mkono, na alisimulia baadaye kuwa hiyo ni miongoni mwa kazi zilizompa furaha kubwa maishani. Ninapofika pale mwenyewe, namwamini.

Kuna kosa moja ambalo limeumiza michoro hii, nami naomba msomaji alibebe moyoni: watu hulowesha ukuta kwa maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Rangi inang'aa dakika moja. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba, na baada ya kurudiwa mara nyingi mchoro hufunikwa na utando mweupe usiofutika. Nimewahi kumzuia baba mmoja chupa ikiwa tayari mkononi. Alikuwa mtu mwema, alitaka tu mwanawe aone vizuri. Mlete mtoto asubuhi au jioni jua linapolala, taa ya kamera izimwe, mikono ikae nyuma, na macho yapewe muda wa kuzoea kivuli. Baada ya dakika tano umbo ambalo hukuliona litajitokeza.

Jambo la pili: haya si makumbusho yaliyokufa. Baadhi ya majabali, likiwemo Mungomi wa Kolo, bado ni mahali pa matambiko, pa kuombea mvua na uponyaji. Ukikuta majivu, vipande vya kibuyu au dalili za pombe iliyomwagwa, usiguse wala usicheke. Kama mwongozaji atasema leo hapaendeki, basi leo hapaendeki. Ndiyo maana nasisitiza uwe na siku ya akiba Kondoa, maana mwenye ratiba ya saa ndiye anayeishia kubishana na wazee wa watu mlimani.

Jioni kaa na Warangi wenyewe. Ni Wabantu, wengi wao Waislamu, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi angalia kalenda ya Ramadhani. Ni mwezi mzuri kwa futari na mazungumzo ya usiku, ila mchana huenda usipate pa kula. Mazungumzo unaweza kuyaanzia kwenye udongo. Njiani utakuwa umeona makorongo mekundu ambayo sasa yameota miti. Mwaka 1973 serikali ilianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Waulize wazee walioona siku zile: mahari ilitolewaje ng'ombe walipokuwa hawapo? Maziwa ya watoto yalitoka wapi? Swali la namna hiyo huzaa usiku mzima wa hadithi, na hakuna kibao cha watalii kitakachokujibu.

Upande wa magharibi, katika wilaya ya Chemba, ndiko kwa Wasandawe, wenye lugha ya vidoko. Barabara ya huko si ya lami na usafiri wa umma ni wa kubahatisha, kwa hiyo mwenye siku tano nisingemshauri aende mpaka kijiji chao cha Kwa Mtoro. Lakini Wasandawe hufika Kondoa mjini kwa biashara na hospitali. Ukitambulishwa kwa mmoja, omba kwa adabu akutajie majina ya wanyama kwa lugha yake, wala usimfanye arudie rudie kama anayechezeshwa. Wakushi nao wako karibu: Waburunge na Waalagwa hukohuko Kondoa na Chemba, na ukifika Babati uko nyumbani kwa Wagorowa.

Babati ni mji wa kulala na kupumzika, wenye ziwa lake na viboko. Kutoka hapo Mlima Hanang unaonekana, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na chini yake ndiko kwa Wabarbaig, wa jamii ya Datoga, ambao ni Waniloti. Wengi tumezoea kuwaita Wamang'ati. Neno hilo ni la Kimaasai, maana yake adui, na wao wenyewe hawalipendi. Tuliache. Wabarbaig wana desturi ya kumjengea mzee mwenye heshima kaburi la kichuguu liitwalo bung'ed, ambalo ukoo hulirudia kwa miezi ya maombolezo. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa Hanang miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada yalichukua malisho yao, na makaburi hayo mengine yakalimwa. Mzee akikusimulia hayo, msikilize mpaka mwisho. Ni sehemu ya utamaduni ulioufuata, sawa na shanga na sketi za ngozi za akina mama.

Mahali pazuri pa kukutana na watu wa jamii zote hizi kwa siku moja ni mnadani. Minada mingi ya huku haifuati siku za wiki bali tarehe za mwezi, kwa hiyo piga simu gesti unayotaka kulala uulize kabla hujapanga safari. Nimeona watu wakikosa mnada kwa siku moja tu, na hilo lingezuilika kwa simu ya dakika mbili. Kuhusu hali ya hewa, nenda Juni hadi Oktoba, na ubebe sweta maana nyanda za Mbulu na Karatu zina baridi kali. Masika usijaribu kwenda Karatu kutoka Babati kwa njia ya Dareda na Mbulu kwa gari dogo. Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliangukia Katesh likaua makumi ya watu, na tangu hapo hatuchukulii mvua ya huku kwa mazoea.

Mwenye siku nne aishie Babati, arudi. Mwenye tano aendelee mpaka Karatu kwa Wairaqw, Wakushi wenzao Wagorowa, ambao wazee wao walichimba nyumba ndani ya ardhi kujificha na wavamizi wa ng'ombe. Kutoka Karatu unashuka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi. Huko wahunzi wa Kidatoga huyeyusha vyuma chakavu na kufua bangili na ncha za mishale, na Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa bonde hili, huwapa asali wakapata ncha hizo.

Kwa Wahadzabe nina neno zito zaidi. Hawazidi sana watu elfu moja na kidogo, na lugha yao, ingawa ina vidoko, wanaisimu hawajaipatia ndugu, hata Kisandawe. Mwaka 2011 baadhi yao, katika Bonde la Yaeda, walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Wageni wanaofika Mang'ola wamekuwa wengi, na pesa ya mkononi inayotolewa kambini mara nyingi imeishia kwenye pombe kali inayoletwa na wachuuzi. Lipia ofisi ya utalii ya kijiji, udai risiti, na uulize waziwazi fungu la Wahadzabe linafikaje kwao: ada za shule, matibabu, au mahindi wakati wa njaa. Ukipewa jibu la kuzungukazunguka, tafuta mwongozaji mwingine. Usiombe wavae ngozi kwa ajili ya picha kama umewakuta na fulana. Fika alfajiri, watu wachache, na kama hawaendi kuwinda siku hiyo, kaa nao kwenye moto.

Wenye watoto waanzie maandalizi nyumbani. Kwa aliye Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kwenye barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mpeleke mtoto Jumamosi moja kabla ya safari, aingie ndani ya nyumba hizo, ainame mlangoni, anuse moshi. Kisha mpe daftari dogo, aandike neno moja la kila lugha atakayokutana nayo njiani. Mwaka jana binti wa darasa la tano alirudi ofisini kwetu na daftari lake. Lilikuwa na maneno tisa ya "maji", na la kumi aliacha nafasi tupu, akasema hilo atalifuata mwenyewe Kwa Mtoro.