Antioksidanti zinalinda nini kwenye mishipa ya damu?

Ukipita soko la Mgandini, Tanga, utaambiwa mdalasini wa Amani unasafisha damu, na machungwa ya Muheza vivyo hivyo. Kusafisha damu ni kazi ya figo na ini. La haki kusema ni kwamba vyakula hivyo vina antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia au kupunguza kasi ya oksidisho (molekuli kunyang'anywa elektroni na kuharibika) mwilini: vitamini C, vitamini E, polifenoli za matunda, chai na viungo.

Kinacholindwa ni chembamba mno. Ndani ya kila ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kuna utando wenye unene wa seli moja tu, endothelia. Utando huu hutoa gesi ya nitriki oksidi, inayolegeza misuli ya mshipa ili damu ipite kwa nafasi. Utafiti wa gesi hiyo uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kolesteroli yenyewe, au lehemu, si sumu. Mwili huitumia kujengea seli na homoni. Taabu huanza chembe za LDL, zinazoibeba kolesteroli kwenye damu, zinapozidi, zikapenya chini ya endothelia na kukwama humo. Radikali huru, ambazo ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, huzivamia, na mafuta yaliyomo huchacha kama ya alizeti yaliyosahauliwa wazi jikoni. Seli nyeupe za damu huja kuzimeza, nazo hujaa mafuta mpaka zikabaki palepale. Hapo ndipo mshipa unapoanza kuziba. Isitoshe, superoksidi, mojawapo ya radikali hizo, huiharibu nitriki oksidi kabla haijafanya kazi, na mshipa hushindwa kutanuka hata kabla haujaziba.

Antioksidanti huingilia hapo. Vitamini E husafiri ndani ya LDL yenyewe na kukata mnyororo wa oksidisho. Vitamini C huihuisha vitamini E iliyokwisha kutumika, tena huweza kuikabili superoksidi.

Kwenye karatasi yote hayo yanapendeza. Vidonge ndivyo vilivyoangusha matumaini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2002 uliwapima watu zaidi ya 20,000: vitamini C, E na betakarotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A) havikupunguza shambulio la moyo, ilhali simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, katika utafiti uleule ilipunguza. Nchini Finland, wavutaji sigara waliopewa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo chungwa na mchicha vinastahili sifa, ingawa huenda sehemu ya faida yake kwa mishipa inatokana na nyuzinyuzi na potasiamu. Aliyeandikiwa statini, yaani dawa ya jamii ya simvastatini, asiiache kwa ajili ya mdalasini. Na mvuta sigara, ambaye kila mvuto wa moshi humwingizia radikali huru, atailinda endothelia yake zaidi kwa kuacha sigara kuliko kwa kopo lolote la vitamini.