Kwa nini chumba cha kulia cha Kiviktoria kina giza?

Anayeingia chumba cha kulia cha jumba la Uingereza la enzi ya Malkia Victoria huanza kulalamikia giza. Meza ya mahogani, kuta nyekundu au za kijani kilichokolea, mababu wa ukoo wakikukodolea macho kutoka kwenye fremu. Majivuno ya matajiri, watu husema. Yamo, sikatai. Lakini mimi ninayeshughulika na mapambo ya nyumba za kale naona pua na saa ya kula ndizo zilizoamua mengi.

Vitambaa hunasa harufu ya nyama na mvinyo, kwa hiyo viti vilivikwa ngozi, na hariri ikaachiwa sebule ya mabibi. Mwaka 1877 Frederick Walton, yuleyule mbunifu wa linoleamu (tandiko la sakafu), alileta Lincrusta: karatasi nzito ya ukutani yenye nakshi zilizoinuka, inayoiga ngozi na kufutika kwa maji. Jiko nalo, kwa sababu ya harufu hiyohiyo, lilisukumwa mbali, chakula kikawa kinapoa njiani!

Msanifu majengo Robert Kerr, akiandika mwaka 1864, alitaka chumba hiki kiwe na sura ya kiume, sebule iwe ya kike. Baada ya mlo mabibi waliondoka, wanaume wakabaki na mvinyo.

Kilichobadilisha mambo hasa ni namna ya kuandaa. Zamani sahani zote zilijazwa mezani kwa pamoja. Kuanzia katikati ya karne ya 19 ulienea mtindo wa Kirusi: nyama hukatwa pembeni, na watumishi humpitishia kila mgeni, chakula kimoja baada ya kingine. Kabati refu la vyombo likawa kituo cha kazi, na nyuma ya viti ikahitajika nafasi ya mtumishi kupita na sinia. Meza sasa ilibaki na maua, matunda na mishumaa, kwani mlo mkuu ulikuwa umesogea hadi usiku. Taa za gesi wengi walizikwepa humu: zilileta joto na masizi yaliyoharibu picha. Kwa mwanga wa mishumaa, ukuta wa rangi iliyokolea hufanya kitambaa cheupe na vyombo vya fedha ving'ae. Ukikitazama chumba hicho saa sita mchana unakionea.

Kule Cragside, jumba lake la Northumberland kaskazini mwa Uingereza, mwenye viwanda William Armstrong alifunga taa za umeme za mvumbuzi Joseph Swan mwaka 1880, zikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Sababu ya giza ilikuwa imeanza kuondoka. Mbao nzito alizopanga msanifu wake, Norman Shaw, hazikuguswa.