Okidi ya Wagiriama: usiifukie kwenye udongo, ipe mwanga, halafu uinuse usiku

Kuna mama mmoja alikuja kwenye kitalu chetu amekasirika kabisa, okidi aliyochukua kwetu miaka minne nyuma imetoa maua, tena mengi, lakini anasema haina harufu yoyote, tumemdanganya. Nikamuuliza, mama, umeinusa saa ngapi? Akasema mchana, nikitoka sokoni. Nikamwambia leo usiku saa mbili saa tatu hivi kaa nayo barazani, zima feni, utulie tu. Kesho yake asubuhi na mapema akapiga simu, sasa anataka nyingine ampelekee dada yake Tanga.

Naanza na hilo kwa sababu ndo swali tunaloulizwa kuliko mengine yote. Okidi yenyewe ni ya kwetu hapa hapa pwani ya Kenya na Tanzania, kitaalamu ni Angraecum eburneum, na hii ya upande wetu inaitwa giryamae, yaani ya Wagiriama, jina ililopewa mwaka 1895. Huko porini inakaa juu ya miti na kwenye miamba ya matumbawe karibu na bahari, sehemu ambayo ukipita mchana unashangaa mmea unaishije pale, jua kali, upepo wa chumvi, udongo hakuna. Ni mmea mkubwa, shina linaweza kufika mita moja na kupita, majani marefu magumu yamepangana kama feni, na ua lake lina mdomo mweupe mpana kama ganda la chaza ambao umegeukia juu wakati okidi nyingi mdomo unakaa chini.

Sasa kwa nini inukie usiku tu? Kwa sababu mgeni wake anakuja usiku. Nyuma ya ua kuna mrija mrefu mwembamba na asali imekaa kule mwisho kabisa, nyuki hafikii, anayefikia ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu, na nondo huyo anatembea gizani, anafuata harufu na weupe wa ua. Ndugu yake wa Madagaska, Angraecum sesquipedale, ana mrija wa karibu sentimita 30, na Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipolipata ua hilo mwaka 1862 akasema lazima Madagaska kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo, watu wakaona ajabu, Darwin akafa hajamuona, halafu mwaka 1903 nondo huyo akaandikwa rasmi na wataalamu. Kwa hiyo ukiinusa saa sita mchana ni kama umeenda dukani limefungwa. Na ua likifunguka leo usilihukumu leo, lipe siku mbili tatu.

Haya, kuipanda. Kosa linaloua okidi nyingi kuliko wadudu wote ni udongo. Mtu anaipenda, anaenda kununua udongo mweusi, anachanganya na samadi, anaifukia vizuri, anamwagilia kila siku jioni, baada ya miezi miwili mizizi imekuwa kama uji. Mizizi ya okidi hii inataka hewa. Iangalie ikiwa mikavu, ina rangi ya fedha, ukiimwagia maji ndani ya dakika moja mbili inageuka kijani, hiyo ngozi ya nje ni kama sponji, inafyonza maji haraka halafu inatakiwa ikauke. Isipokauka inaoza, ndo hivyo tu.

Tumia kikapu cha mbao zilizoachana au chungu cha udongo ulichokitoboa matundu mengi, jaza vipande vya mkaa vya ukubwa wa vidole viwili vikichanganywa na vifuu vilivyovunjwa na matofali mabovu, chenga za mkaa zitoe zote maana zinaziba hewa. Makumbi ya nazi yanafaa kidogo, ila yaloweke siku kadhaa unabadilisha maji, na yale yaliyofukiwa baharini kwa ajili ya kusuka kamba usiyaguse kabisa, yana chumvi. Mmea ufunge na kamba usitikisike mpaka mizizi ishike yenyewe. Mizizi mingine itatoka nje ya chungu ikaning'inia hewani, watu wanaikata wanadhani ni uchafu, jamani msiikate, hiyo ndo afya yenyewe.

Kwenye maji niseme kitu kwa watu wa pwani hasa. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi na okidi haiyawezi, utaona ncha za mizizi zinakuwa nyeusi na ncha za majani zinakauka. Kinga maji ya mvua, hata ndoo mbili tatu zinakutosha muda mrefu. Mwagilia asubuhi, mizizi ikishakuwa ya fedha tena ndo umwagilie tena, kwenye joto la Januari na Februari inaweza kuwa kila siku, mvua za masika zikikolea labda usimwagilie kabisa. Na maji yasilale katikati ya majani kule juu, mmea huu unakua kwa ncha moja tu, ikioza pale inabidi usubiri chipukizi litoke chini kama litatoka. Mbolea weka ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti au hata robo, kila baada ya wiki mbili wakati inatoa majani mapya, halafu siku nyingine ipitishie maji matupu kuosha chumvi ya mbolea.

Maua sasa. Mtu anasema okidi yangu ina miaka mitano, majani ya kijani kibichi yanang'aa, haijawahi kutoa ua. Hiyo kijani kibichi ndo ugonjwa wenyewe! Majani yakiwa ya kijani iliyokolea sana maana yake iko kizani, inaishi lakini haina nguvu ya kutoa maua. Tunataka kijani yenye unjano kidogo. Jua la asubuhi mpaka saa nne liipige moja kwa moja, baada ya hapo kivuli chepesi, chini ya mwarobaini au neti, na uihamishe polepole, leo mita moja wiki ijayo mita nyingine, ukiitoa sebuleni na kuiweka juani siku moja majani yanaungua, yanatoa madoa meupe ambayo hayaponi. Sababu ya pili ni kuihamishahamisha chungu. Hii okidi haipendi mizizi yake kuguswa, ukiibadilisha chungu inaweza kununa mwaka mzima. Na ya tatu ni umri, mche mdogo hautoi maua hata ufanye nini.

Kwa ndugu zetu wa Lushoto, Arusha, Nairobi na kwingine kwenye baridi, hii itawasumbua, ni ya joto. Ninyi tafuteni okidi nyingine, Rangaeris amaniensis, ambayo jina lake limetoka Amani kule Usambara Mashariki, ndogo, mizizi minene, maua meupe yananukia usiku vilevile, na unaweza kuifunga kwenye gome la mti tu.

Jambo linaloniuma kweli ni zile zinazouzwa barabarani zimeng'olewa porini. Mmea ukibanduliwa kwenye jiwe unaacha mizizi yake pale, unaununua unaonekana mzima, miezi mitatu umekwisha, na pale ulipotoka pamebaki tupu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, porini inahitaji kuvu maalumu ili iote, sisi tunaziotesha kwenye chupa na inachukua miaka mpaka mche uwe wa kupanda. Okidi zote ziko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuvusha mpaka bila kibali ni kosa. Mkiona eneo linachimbwa mawe au linasafishwa shamba na okidi zipo, msijichukulie, waambieni watu wa misitu au bustani ya mimea iliyo karibu zikaokolewe kwa utaratibu.

Maua yakishaisha, kikonyo kiache kikauke chenyewe ndo ukikate, kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto. Na chungu usikigeuze, kiache kiangalie upande ule ule.