Pazia Hupimwa Likipepea

Mteja akiniita nikampimie pazia, kwanza namwomba afungue dirisha. Wengi wamezoea fundi anayekuja na futi kamba, akachukua urefu na upana, akaondoka. Vipimo hivyo vinatosha kukatia kitambaa tu. Hapa Unguja pazia halitulii: kaskazi ya Disemba hadi Machi hulisukuma upande huu, kusi ya katikati ya mwaka hulisukuma upande ule. Kama chumbani mna jiko, mshumaa au chetezo cha kufukizia udi, umbali wa kuhesabu ni ule ambao pazia hufika likipepea, si pale linapolala ukutani.

Hesabu yenyewe nyepesi. Pazia haliwezi kwenda mbali na fimbo yake kuliko urefu wake. La mlangoni, la mita 2, upepo ukilibeba linaweza kukaribia mita 2 ndani ya chumba. La sentimita 60, mwisho wake ni sentimita 60. Kwa hiyo la jikoni nalishona fupi na kulipitisha fimbo mbili, juu na chini, zote zimekazwa ukutani. Upepo ukija, kitambaa kinatuna kidogo tu.

Mji Mkongwe pana kazi zaidi. Dari za nyumba za kule hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazifiki mbali, vyumba vingi ni vyembamba, mita 3 na kidogo. Ukishaweka jiko, hakuna kona iliyo mbali na dirisha. Afadhali kuta ni nene: fimbo ifungwe ndani ya uwazi wa dirisha badala ya usoni mwa ukuta.

Naulizwa sana kitambaa gani hakishiki moto. Vitambaa vya kawaida vya dukani vyote huungua, kila kimoja kwa namna yake. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo nje juu ya beseni la maji, ukiwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Kiwango chake cha kuyeyuka ni kama nyuzi 250 hadi 260 za selsiasi, na tone lake likidondokea mkononi hung'ang'ania ngozi. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana hushika polepole kuliko shifoni, lakini hilo lisikufanye usogeze jiko karibu na pazia.

Kuna pazia moja ambalo sishoni hata nikiombwa na jamaa: lile la kufunika mtungi wa gesi chini ya meza ya jiko. Najua linapendezesha. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni, na pazia huizuia isitawanyike. Mpira wa gesi nao unapasuka humo humo na hakuna anayeuona. Mtungi uache wazi, na maungio uyapake povu la sabuni mara kwa mara. Povu likitoa mapovu yanayokua, funga valvu.

Chetezo ni suala jingine, maana sisi huyafukiza mapazia makusudi. Udi hukaa vizuri kitambaani, nami napenda nyumba inayonukia. Ila ule mkaa wa vidonge unaoshika kwa kiberiti kimoja hurusha cheche unapowaka. Uwashe nje, usubiri ufunikwe na majivu, zima pangaboi, kisha ulivute pazia kwa mkono mbali na chetezo ili lipate moshi tu.

Na umeme ukikatika, mshumaa usikae dirishani. Tulikaa gizani takriban mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kusi ikiwa imeshaanza, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, msimu wote wa kaskazi. Joto la nyakati hizo humfanya mtu afungue madirisha yote. Fungua, lakini kwanza mapazia yafungwe kwa kamba zake pembeni, fundo la kweli, si kuyatupia nyuma ya kiti.