Hanang wakati wa mvua: usitazame mawingu tu

Kila vuli inapoanza, vijana wa hapa Dodoma wanaopenda kupanda milima huniuliza: "Mvua imekata tangu juzi, Hanang kunapandika?" Jibu langu huwakera. Mvua kukata si hoja. Hoja ni maji ambayo mteremko umeshayanywa, na hayo hayakauki kwa jua la siku mbili.

Mlima Hanang wa mkoani Manyara, wenye zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyozimika. Sisi wanajiolojia tunauona kama tabaka za lava ngumu zilizopishana na majivu ya volkano. Majivu hayo yakioza kwa muda mrefu huwa udongo wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu, bonge lake ni gumu kulivunja. Ulowanishe, uusugue kati ya vidole, unateleza kama sabuni. Chembe za udongo hushikana kwa sababu uzito wa juu unazibana. Maji yakijaa katikati yake, yanabeba sehemu ya uzito ule, msuguano unapungua, na mteremko uliotulia miaka na miaka unaachia mara moja.

Kwenye milima ya theluji kama Alps shida inafanana: bamba la theluji limelalia tabaka dhaifu, mara nyingi kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, na uzito wa mtu mmoja huweza kulikata. Ndiyo maana wenzetu huchimba shimo kukagua tabaka, na huvuka mmoja mmoja. Kwetu kuvuka mmoja mmoja hakuzuii chochote, maana si wewe unayeuangusha mlima. Kinachokuokoa ni mahali uliposimama.

Tarehe 3 Desemba 2023, mwaka wa El Niño, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikunywa maji ikameguka. Tope, magogo na majabali vikafuata makorongo hadi Katesh, mji ulio chini ya mlima, na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80, wengi wao watu waliokuwa chini kabisa, makwao. Tope zito kiasi kile hubeba hata jiwe ambalo maji matupu yangelipita tu.

Kwa hiyo usipige hema mdomoni mwa korongo, hata kama ndipo palipo tambarare na maji ya kupikia. (Najua, ndipo kila mtu anapopapenda.) Njia ya Jorodom ukiipanda, pumzikia mgongoni mwa mlima, si bondeni. Ukikuta ufa mpya uliopinda kama upinde juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyokuwa safi imegeuka tope, geuza. Kibaya kuliko vyote ni kijito kinachopungua ghafla huku mvua inanyesha: huko juu kuna kitu kimeziba, na kikiachia hutakimbia ukakishinda kwa kuteremka. Panda kando, utoke kwenye korongo.

Jambo moja huwachanganya watu wa Dodoma. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua. Manyara wana vuli na masika. Novemba anga letu linaweza kuwa kavu kabisa ilhali Hanang imelowa wiki nzima. Soma utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wa Manyara, kisha mpigie mtu wa Katesh umuulize imenyesha siku ngapi mfululizo. Akisema tatu au zaidi, mimi naahirisha.