Je, wajua? Kipimo kilichomuumbua mvuvi ndicho kinachosaka saratani

Mwaka 2000 kundi la wanasayansi lilichapisha kisa cha mvuvi aliyeshiriki mashindano kwenye Ziwa Saimaa, kusini-mashariki mwa Ufini. Mvuvi huyo alileta samoni wa kilo 5.5, akadai kamtoa humo humo ziwani. Samaki alikuwa mkubwa mno hata waandaaji wakaingiwa na shaka. Wataalamu wakapima sehemu saba za DNA yake, wakazilinganisha na sampuli 42 za samoni wa Saimaa, wakaona kwamba uwezekano wa samaki yule kuwa mwenyeji wa ziwa lile ni mdogo kupita kiasi. Mvuvi mwishowe alikiri: samaki alimnunua dukani.

Sehemu za DNA za aina hiyohiyo ndizo ambazo daktari wa saratani ya utumbo mpana huagiza zipimwe kabla hajaamua mgonjwa apewe dawa gani. Njia ya kuzipima ni ileile, na hata michoro ya vilele inayotoka kwenye mashine inafanana. Inakuwaje alama moja imtambue samaki kuwa ni wa ziwa gani, na papo hapo iutambue uvimbe kuwa ni wa aina gani?

Yote yanatokana na udhaifu mmoja wa seli: ikikutana na maandishi yanayojirudia, hukosea kuhesabu.

DNA huandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G. Kwa binadamu, seti moja ina herufi zipatazo bilioni 3. Hapa na pale katika mfuatano huo mrefu hujitokeza vipande ambamo herufi moja hadi sita hurudiwa tena na tena: CACACACACA, kwa mfano, au AAAAAAAAAA. Vipande hivyo huitwa mikrosatelaiti. Kwa binadamu huchukua takribani asilimia 3 ya DNA yote, na vingi viko nje ya maeneo yanayotoa maelekezo ya kutengeneza protini.

Seli inapotaka kujigawa, kimeng'enya kiitwacho polimerasi hupita juu ya uzi wa zamani kikijenga uzi mpya. Mara nyingine uzi mpya huachia kidogo kisha ukajishika tena. Katika mfuatano wa kawaida ukikosea mahali pa kujishika haushiki, kwa sababu herufi hazioani. Kwenye CACACA mambo ni tofauti: ukiteleza hatua moja mbele au nyuma, herufi zinaoana vilevile na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni kama kuhesabu shanga za rangi moja gizani. Palipokuwa na marudio 14 sasa pana 15, au 13.

Kasi ya makosa haya ndiyo kiini cha habari nzima. Kwa binadamu, herufi moja ya kawaida huwa na uwezekano wa kubadilika wa takribani moja kwa milioni mia katika kila kizazi. Mikrosatelaiti nyingi hubadilika urefu mara moja katika vizazi elfu moja hadi elfu kumi. Kwa hesabu za mabadiliko ya viumbe hiyo ni mbio kubwa, lakini bado ni polepole kiasi kwamba mtoto karibu kila mara hurithi urefu uleule wa wazazi wake. Alama inayobadilika hivyo inafaa sana kwa kutofautisha ukoo mmoja na mwingine.

Mtazame samoni. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha wengi wao hurudi kutaga katika mto uleule waliozaliwa, wakiongozwa kwa sehemu kubwa na harufu ya maji yake. Wanaopotea njia ni wachache. Kwa hiyo samaki wa mto mmoja huzaliana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, hata kama baharini wanachanganyika na wa mito mingine. Tuseme katika sehemu fulani ya DNA, wa mto wa kwanza wengi wana marudio 14 na 17, ilhali wa mto wa pili wana 15 na 22. Si lazima tofauti hizo ziwe na faida yoyote kwa samaki. Bahati tu yatosha: mwaka huu jike fulani mayai yake yamesalimika, la jirani yamesombwa na mafuriko. Kidogo kidogo urefu fulani huzagaa na mwingine hupotea kabisa. Kundi likiwa dogo, kupotea huko huenda haraka zaidi.

Samoni wa Saimaa ni mfano mzuri mno. Baada ya enzi ya barafu walifungiwa ndani ya ziwa, wakakatwa na wenzao wa baharini, na idadi yao ni ndogo. Urefu wa aina nyingi umeshawatoka. Mgeni akiingizwa katikati yao hujitokeza mara moja, kwa sababu anabeba hesabu ambazo wenyeji hawanazo au wanazo kwa nadra. Na kwa kuwa kila samaki ana nakala mbili za kila sehemu, moja ya baba na moja ya mama, sehemu saba hutoa mchanganyiko mwingi wa kutosha. Ukizidisha uwezekano wa kila sehemu kwa mwingine, matokeo hushuka upesi hadi karibu na sifuri.

Hapa pana jambo ambalo watangazaji wa vipimo vya DNA hulipita kimyakimya. Kompyuta ikiulizwa "samaki huyu ni wa mto gani kati ya hii kumi?" itataja mmoja hata kama kwao halisi ni mto wa kumi na moja ambao hakuna aliyeuchukulia sampuli. Itachagua unaofanana naye zaidi, basi. Ndiyo maana nalipenda swali lililoulizwa kule Ufini: je, samaki huyu anaweza kabisa kuwa wa hapa? Swali hilo lina jibu hata usipojua ametoka wapi.

Kwa samaki wengi wa baharini kazi ni ngumu zaidi. Mayai na mabuu yao husafirishwa na mikondo, makundi huchangamana, na tofauti za DNA kati ya kundi na kundi huwa hafifu sana. Siku hizi watafiti wengi wa uvuvi wamehamia kwenye kusoma maelfu ya herufi mojamoja kwa mpigo. Katika saratani, mikrosatelaiti hazijastaafu.

Ile kasi ya makosa niliyoitaja ni kasi inayobaki baada ya usahihishaji. Kuteleza kwenyewe hutokea mara nyingi zaidi, ila seli ina protini zinazopita nyuma ya polimerasi na kurekebisha. MSH2 na MSH6 hushikana, zikagundua mahali uzi ulipofura kwa herufi iliyozidi au kupungua. MLH1 na PMS2 huitwa, kipande chenye kosa hukatwa, na uzi huandikwa upya. Paul Modrich, aliyetumia miaka mingi kuchambua mfumo huu hatua kwa hatua, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar, waliochunguza njia nyingine za kukarabati DNA.

Ukiuvunja mfumo huo inakuwaje? Mwaka 1993 watafiti waliharibu jeni zake ndani ya chachu, na mikrosatelaiti zikaanza kuyumba, yaani kubadilika urefu ovyo, mara 100 hadi 700 zaidi ya kawaida. Mwaka huohuo kundi la Manuel Perucho lilikuwa likichunguza uvimbe wa utumbo mpana, likakuta katika asilimia 12 ya uvimbe huo mistari ya herufi A imefupika huku na kule kwenye DNA. Walikadiria kwamba seli moja ya uvimbe wa namna hiyo inaweza kuwa na makosa ya aina hiyo zaidi ya laki moja. Makundi mengine mawili yakaripoti jambo hilohilo katika miezi ileile, na kabla mwaka haujaisha jeni ya MSH2 ilikuwa imepatikana kwa binadamu. Ni nadra katika sayansi kamba zote tatu, chachu, uvimbe na jeni, kufungwa pamoja mwaka mmoja hivi.

Ugunduzi huo ulieleza fumbo lililokuwa limekaa karibu miaka mia. Mwaka 1895, kule Ann Arbor, Michigan, mshonaji mmoja wa nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anatarajia kufa mapema kwa saratani, maana ndivyo walivyokufa ndugu zake wengi. Alifariki kweli kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Warthin alichora ukoo wake na kuuchapisha mwaka 1913, lakini wengi hawakutilia maanani. Katika miaka ya 1960 Henry Lynch alizikuta familia nyingine za namna hiyo na akashikilia kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Leo hali hiyo inaitwa sindromu ya Lynch. Mtu mwenye nayo huzaliwa na nakala moja mbovu ya mojawapo ya jeni za usahihishaji. Seli moja ya utumbo ikipoteza na ile nzima, makosa huanza kulundikana.

Si kila uvimbe wa namna hii ni wa kurithi, lakini. Mikrosatelaiti huyumba katika takribani asilimia 15 ya saratani zote za utumbo mpana, na Lynch huchangia asilimia 3 hivi tu. Waliobaki wengi wao ni watu ambao jeni ya MLH1 ilizimwa ndani ya seli zao baadaye maishani, bila herufi zake kuharibika.

Kwa hiyo alama ni ileile, ila swali limegeuka. Kwa samaki unalinganisha mmoja na kundi. Kwa saratani unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe: kipande cha uvimbe upande huu, tishu yake nzima au damu upande ule. Sehemu moja maarufu, BAT-26, ni mstari wa herufi A zipatazo 26 ulio ndani ya jeni ya MSH2 yenyewe. Maabara huizidisha kwa PCR, yaani mbinu ya kunakili kipande kimoja cha DNA mamilioni ya mara, kisha huipitisha kwenye mashine inayotenganisha vipande kwa urefu. Tishu nzima hutoa kishada kimoja cha vilele. Uvimbe usio na usahihishaji hutoa kishada kingine upande wa vipande vifupi, kwa sababu herufi kadhaa zimedondoka. Mwaka 1997 wataalamu walikubaliana juu ya sehemu tano za kupima, BAT-26 ikiwamo: zikiyumba mbili au zaidi, uvimbe huhesabiwa kuwa na myumbo wa juu.

Myumbo huo si dalili tu. Jeni ya TGFBR2, inayotengeneza kipokezi cha ishara inayoiambia seli ya utumbo iache kujigawa, ina mahali penye A kumi mfululizo. Polimerasi ikiteleza hapo zikabaki tisa, basi maelekezo yote yanayofuata husomwa kombo, maana seli husoma herufi tatu tatu. Protini hukatika kabla ya kukamilika, kipokezi hakipatikani, na seli haisikii tena amri ya kusimama. Uvimbe mwingi wa kundi hili una kosa hilohilo, mahali palepale.

Lakini protini hizo zilizosomwa kombo zina vipande ambavyo mwili haujawahi kuviona, na chembe za kinga huvitambua kuwa vya kigeni. Uvimbe huponea kwa kuzifunga breki chembe hizo. Dawa ya pembrolizumab huziachia. Mei 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa uvimbe wenye myumbo wa juu ambao umesambaa au hauwezi kuondolewa kwa upasuaji, pale tiba nyingine zinaposhindwa, haidhuru umeanzia kwenye utumbo, tumbo au mfuko wa uzazi. Ilikuwa mara ya kwanza nchi hiyo kuidhinisha dawa ya saratani kwa kuangalia alama ya DNA badala ya kiungo.

Hata hapo suala la ukoo halijatoweka. BAT-26 ilipendwa kwa sababu karibu kila mtu aliyepimwa mwanzoni alikuwa na urefu uleule, hivyo wengine wakaona hakuna haja ya kupima tishu nzima. Baadaye ikaonekana kwamba miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika, ambako binadamu wana utofauti mkubwa zaidi wa kijenetiki, urefu wake hutofautiana bila ugonjwa wowote. Maabara ikiupima uvimbe peke yake inaweza kumwona mtu mwenye urithi wa kawaida kabisa kuwa ana uvimbe unaoyumba.

Na kuna saratani ambazo huulizwa swali la samaki moja kwa moja. Mwaka 2006 watafiti walipima mikrosatelaiti za uvimbe wa sehemu za siri za mbwa kutoka mabara mbalimbali. Uvimbe haukufanana na mbwa aliyeubeba. Ulifanana na uvimbe wa mbwa wengine walio mbali naye. Ni ukoo mmoja wa seli, uliotoka kwa mnyama mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, na huambukizwa mbwa wanapopandana. Shetani wa Tasmania, mnyama mla nyama wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, naye ana saratani ya usoni ya namna hiyo, iliyoonekana mara ya kwanza mwaka 1996 na kuenezwa kwa kuumana. Mwaka 2014, kusini-mashariki mwa kisiwa hicho, walipatikana wanyama wenye uvimbe ambao kwa macho ulionekana ni uleule. Mikrosatelaiti zikakataa. Ilikuwa ni saratani ya pili ya kuambukiza, yenye asili yake yenyewe, na seli zake zilikuwa na kromosomu Y, ambayo ni ya madume, ilhali ile ya kwanza ilianzia kwa jike.