Nzi dume wa embe anafuata nini kwenye ua la okidi?

Kwenye miembe ya tambarare za Moshi, kuelekea Kahe, utakuta vikopo vya plastiki vimening'inizwa matawini, ndani wamejaa nzi wa matunda waliokufa. Karibu wote ni madume. Watu wengi husema chambo kinanukia kama nzi jike. Hapana.

Chambo hicho ni methili eujenoli, kemikali ya mimea iliyomo hata kwenye mrehani. Nzi jike haitoi. Tena kwa nzi huyu, Bactrocera dorsalis, mwenye kujitia manukato ni dume. Akishakula methili eujenoli, mwili wake huibadili, kisha huhifadhi manukato hayo kwenye tezi iliyo mwishoni mwa utumbo. Giza likianza kuingia, huyapeperusha kuwaita majike, na aliyekula hupata jike kwa urahisi kuliko asiyekula (ingawa sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilifanyika vizimbani, si mashambani). Kwa hiyo pale koponi dume hakufuata jike wala chakula cha kushiba, alifuata malighafi. Ndiyo maana pia kopo moja halikomboi shamba: jike aliyekwisha kupandwa huko kwa jirani atakuja kutaga kwenye embe lako bila hata kulitazama kopo.

Nzi huyu ni mgeni kwetu. Alionekana Kenya mwaka 2003, akadhaniwa ni spishi mpya, hadi wataalamu walipokubaliana kuwa ni yuleyule wa Asia.

Huko Asia, kwenye misitu ya Malaysia, okidi iitwayo Bulbophyllum cheiri inaijua tabia hii vizuri. Haina nekta, harufu yake karibu yote ni methili eujenoli. Mdomo wa ua umeshikwa na bawaba laini. Fikiria watoto waliolaza ubao juu ya gogo: mmoja akitambaa kutoka ncha hii kuelekea ile, hakuna kinachotokea mpaka avuke gogo, halafu ubao unapinduka ghafla. Nzi naye hutambaa juu ya mdomo huku akilamba, akivuka kipimo mdomo unamtupa ndani, kwenye nguzo ndogo ya katikati. Akijikwamua kurudi nyuma, ametoka na kifurushi cha chavua mgongoni, na malighafi yake tumboni. Jike halisogelei ua hili.

Ndugu yake, Bulbophyllum patens, hutumia zinjeroni, ambayo hupatikana pia kwenye tangawizi iliyopikwa. Harufu hiyo huvuta madume wa nzi wa embe na wa nzi wa matango kwa pamoja, makundi mawili ambayo kwa kawaida kila moja huhitaji chambo chake.